Uchumi, ikonomi, iktisadi: kwa nini gari haina "uchumi wa mafuta"

Swali lenyewe limekuja hivi, nimelifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Mimi nafanya kazi yadi ya magari hapa Dar, naandika matangazo. Bosi kaniletea karatasi ya Kiingereza nitafsiri, ina fuel economy, ina economy mode, na chini kabisa wameandika the economy is growing, so buy now. Mi zote nikaweka uchumi, wenzangu wakanicheka. Halafu kuna mzee mteja wetu wa Unguja akasema neno lenyewe ni iktisadi, uchumi ni jambo lingine. Sasa uchumi ni nini hasa? Na kama uchumi unakua kweli, mbona wa kwangu haukui?"

Marahaba mwanangu. Kwanza hao wenzako wasikucheke sana. Mimi mwenyewe nikiwa bado mchanga kwenye hii kazi ya kutafsiri nilipewa kijitabu cha wakulima wa pamba, ndani kuna maneno economies of scale, nikaangalia scale nikaona mizani, basi nikaandika "uchumi wa mizani", ikapita, ikachapwa, watu wakagawiwa. Miezi kadhaa baadaye mkulima mmoja akanikamata pembeni akaniuliza kama huo uchumi wa mizani ndo ule wa pale chama cha msingi, wa karani kuchezea mizani halafu kilo zako zinapungua. Nikabaki nacheka peke yangu maana swali lake lilikuwa na akili kuliko tafsiri yangu. Nilichotakiwa kuandika ni kitu kama nafuu ya kuzalisha kwa wingi, yaani ukikaanga maandazi mia kila andazi linakugharimu kidogo kuliko ukikaanga kumi, kwa sababu mkaa ni ule ule, karai ni lile lile na wewe mwenyewe umeamka saa kumi ile ile.

Kwa hiyo kosa lako ni kosa la wote. Linatokana na kitu kimoja: tumezoea kuamini kwamba economy na uchumi ni neno moja lenye mavazi mawili. Sio neno moja. Ni maneno mawili yaliyotoka sehemu tofauti kabisa yakakutana barabarani ukubwani, na mahali yalipokutana ni padogo tu.

Tuanze na la kwetu. Uchumi unatokana na kuchuma, kama vile usomi unavyotokana na kusoma. Mtu anachuma matembele nyuma ya nyumba, anachuma maembe, anachuma pamba, anachuma majani ya chai kule Mufindi au Kericho. Ila kama unataka kuliona hili neno likiwa hai nenda Pemba msimu wa karafuu. Mchumaji anapanda mkarafuu asubuhi na pakacha lake, anavuta tawi, anakata kishada kwa vidole, na lazima awahi kabla kile kichomozo hakijafunguka kuwa ua maana likifunguka thamani imeshuka. Jioni nyumba nzima inakaa chini kuchambua, karafuu huku, makonyo (vile vijiti vya kishada) kule, kisha asubuhi zinaanikwa juani kwenye majamvi. Hata makonyo hayatupwi, yanaenda kiwandani Wawi yanakamuliwa mafuta. Na mchumaji analipwa kwa pishi, amechuma pishi ngapi ndo atapata hela ngapi. Sasa hapo sikiliza lugha inavyofanya: kachuma karafuu, na hapo hapo kachuma pesa. Ni kitenzi kile kile. Huhitaji profesa akueleze namna neno la kuvuna kwa vidole lilivyogeuka kuwa neno la kupata mali, kwa sababu kwenye ule mti hivyo vitu viwili ni kitendo kimoja.

Ndo maana ukoo wa hilo neno wote unanuka jasho na faida. Chumo ni kile unachopata, au hata pale unapopatia, mtu anasema "pale ndo chumo langu". Mchumia juani hulia kivulini. Mchuma janga hula na wa kwao, hapo hata balaa limefanywa kuwa mboga ya kuchuma na kuleta nyumbani watu wale pamoja. Mchumia tumbo, huyo tunamjua, hasa wakati wa uchaguzi. Na usisahau chuma ulete! Muulize mama yeyote mwenye genge, atakwambia kuna siku ameuza mpaka jioni, akihesabu hela kwenye kopo hazifiki nusu, na hapo hatasema hesabu zimekosewa, atasema kuna mtu kapita na noti ya chuma ulete, imeingia kwenye kopo ikazichuma zenzake ikarudi nazo kwa mwenyewe. Uamini usiamini hilo ni juu yako, mimi nakuonyesha tu kwamba kwa Mswahili pesa inachumwa kama tunda, na inaweza kuchumwa na mwingine.

(Chuma la kufulia majembe ni neno jingine, limefanana sauti tu, usiwachanganye. Ingawa mtaani miaka ile ya 2016, 2017 watu walipoanza kusema "vyuma vimekaza" wakimaanisha hela hakuna, mimi nilifurahi sana, nikasema haya sasa chuma kwa chuma vimekutana.)

Sasa angalia hili neno linaegemea wapi. Linaegemea kwenye KUPATA. Kuchuma, kuleta, kuingiza. Halisemi chochote kuhusu kutumia vizuri au kubana.

Njoo upande wa pili. Economy wazungu wameitoa kwa Wagiriki wa kale, oikonomia, na hiyo ni maneno mawili yaliyoshonwa, oikos ni nyumba, na nomos inatoka kwenye kugawa na kupanga. Yaani kuendesha nyumba. Unga upo debe ngapi, watumwa wanakula nini, mafuta yatafika mavuno au hayafiki. Huyo mwendesha nyumba aliitwa oikonomos, na cha kushangaza ni kwamba Waswahili wengi wameshakutana naye bila kujua: ukisoma Biblia Luka 16 kuna yule wakili aliyeshitakiwa kwa tajiri wake kwamba anatapanya mali, akaambiwa atoe hesabu ya uwakili wake. Kwenye Kigiriki huo uwakili ndo hiyo oikonomia yenyewe. Kwa hiyo watafsiri wa Biblia walipokutana na babu yake economy hawakuandika uchumi, wakaandika uwakili, na walikuwa sahihi kabisa, maana kesi ya yule bwana haikuwa kuchuma, ilikuwa matumizi ya mali ya watu.

Na kama kuna neno la shuleni linalobeba maana ile ya Kigiriki kuliko uchumi basi ni sayansikimu. Ee, lile somo la kupika, kushona na usafi wa nyumba ambalo wavulana walikuwa wanalikimbia. Kimu ni kutimiza mahitaji, ndo hiyo ya kujikimu, posho ya kujikimu. Mgiriki wa kale angeletwa leo akaulizwa oikonomia inafundishwa wapi, angeingia chumba cha sayansikimu kwenye harufu ya maandazi kabla hajafika kitivo cha uchumi pale Mlimani. Wachumi wenyewe hawapendi kuambiwa hivi.

Kwa sababu asili yake ni kuendesha nyumba kwa akili, Kiingereza mpaka leo kimebaki na ile maana ya kutumia kidogo, kubana, kutopoteza. Hapo ndo inatoka fuel economy, hapo ndo inatoka economy class, hapo ndo inatoka ile sabuni kubwa ya economy ambayo ukinunua mche mzima inakutoka rahisi kuliko vipande. Wote hao ni watoto wa kubana matumizi, hakuna hata mmoja anayechuma kitu. Kifaransa ndo kimeenda mbali zaidi, kule ekonomi ukiziweka kwa wingi zinakuwa akiba yako, pesa uliyodunduliza, kwa hiyo ndugu zetu wa Lubumbashi au Bujumbura ambao Kifaransa wanakichanganya kila siku ukisikia mtu anasema anafanya ekonomi usidhani ni mchumi wa serikali, anaweka akiba tu ya kununua pikipiki.

Haya, mzee wako wa Unguja. Yuko sahihi na hayuko sahihi. Iktisadi ni neno la Kiarabu lenye shina moja na kusudi letu, au kasidi kama wanavyosema wengine. Maana ya shina ni kukusudia, kuelekea sawa, kushika njia ya kati. Kwenye Kurani, Sura ya Luqmani aya ya 19, Luqmani anamuusia mwanawe awe wa wastani katika mwendo wake, na kitenzi kilichotumika pale ni cha shina hilo hilo. Kwa hiyo iktisadi asili yake ni wastani, kutumia kwa kusudi bila kufuja wala kujinyima, kinyume chake ni israfu na ubadhirifu. Mtu wa iktisadi hamwagi ubwabwa. Sasa huo ni mkao wa karibu zaidi na economy ya Kigiriki kuliko uchumi wetu, hilo nampa mzee. Lakini Waarabu wenyewe wa leo, kuanzia Muscat mpaka Cairo, wakisema iktisadi wanamaanisha uchumi wa nchi, wizara, benki, mafuta, yale yale ya kwenye taarifa ya habari. Na kwa Kiswahili cha leo ukiandika iktisadi kwenye tangazo la gari, watakuelewa wazee wachache wa Mjini Unguja na wa Mombasa na waliosoma sana, wengine watadhani ni jina la mwenye yadi. Neno zuri, mimi nalipenda, ila kwa tangazo halikufai.

Kwa hiyo uchumi na economy vimekutana wapi? Vimekutana kwenye nchi. Na hapo nako sio zamani kama unavyodhani. Hata Kiingereza chenyewe zamani hakikuwa na "the economy" kama kitu kimoja kikubwa kinachokua, kinachoyumba, kinachougua. Walikuwa wanasema biashara imekwenda chini, bei zimepanda, mambo ya kila soko peke yake. Ule mdororo mkuu ulioanza 1929 ndo ulilazimisha watu watafute njia ya kuhesabu kila kitu kwa pamoja. Mwaka 1934 mchumi mmoja, Simon Kuznets, akapeleka kwenye Bunge la Marekani hesabu ya pato la taifa zima, ikaonekana kati ya 1929 na 1932 pato lilikuwa limepungua karibu nusu. Kuanzia hapo nchi ikaanza kuwa na kipimo, na kitu chenye kipimo kinaanza kuonekana kama kitu. Na huyo huyo Kuznets kwenye ripoti ile ile alitahadharisha kwamba hali njema ya watu huwezi kuisoma kwa kuangalia hiyo namba peke yake. Watu wakachukua namba, tahadhari wakaiacha mezani.

Sisi tulipofika kwenye uhuru tukahitaji neno la hicho kitu, na hatukukopa, tukalichukua uchumi letu la kuchuma tukalivisha suti. Toka hapo ikaja uchumi wa taifa, kiuchumi, mchumi, mwanauchumi, kukua kwa uchumi, na kwenye hotuba za bajeti utasikia shabaha za uchumi jumla. Kwa Tanzania likaingia mpaka mahakamani. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanzisha ule msako wa walanguzi na walioficha bidhaa, neno lililoshika mdomoni mwa kila mtu lilikuwa wahujumu uchumi, na mwaka uliofuata, 1984, ikatungwa sheria ya kudumu ambayo mpaka leo watu wanaiita ya uhujumu uchumi. Mtu anakamatwa na meno ya tembo anashtakiwa kwa uhujumu uchumi. Hebu fikiria, neno lililoanzia kwenye mti wa mwembe sasa linaweza kukuweka mahabusu. Kwa watu wazima waliokuwepo ile miaka ya foleni za sukari na sabuni, uchumi sio somo, ni kitu chenye kishindo cha kugongewa mlango usiku. Na majirani zetu Uganda nao miaka kumi hivi kabla ya hapo Idi Amin alitangaza vita vya uchumi, 1972, akawafukuza Waasia, na wale waliogawiwa maduka wakapewa jina la Kiswahili cha mtaani, mafuta mingi, yaani matajiri wa ghafla. Hapo uchumi ulichumwa kweli kweli, ila mti haukuwa wao.

Kenya wao neno walilipeleka mahali pengine kabisa, dukani. Mwaka 1975 ilianzishwa supamaketi inaitwa Uchumi, na kwa miaka mingi ukimwambia mtoto wa Nairobi uchumi anafikiria troli na mkate. Juni 2006 likawekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, yakafuata ya kufunguliwa tena na kuanguka tena, na unaweza kuwaza vichwa vya habari vya siku hizo, maana ukisema Uchumi umeanguka inabidi uangalie herufi kubwa ujue unaongelea duka au nchi.

Na hao hao Wakenya ndo wana ule mfano ambao mimi huwa nautumia darasani. Mwaka 1972 wataalamu wa Shirika la Kazi Duniani walikuja Kenya kuangalia ajira, wakakuta kuna watu wengi mno wanaofua, wanachomelea, wanashona, wanauza, hawapo kwenye hesabu yoyote, na ripoti yao ndo iliyoeneza duniani habari ya sekta isiyo rasmi. Wakenya wao wakaiita jua kali, kwa sababu fundi wa Kamukunji, Nairobi, anagonga bati juani kutwa. Miaka ya 80 Rais Moi akawatembelea akaagiza wajengewe mabanda. Sijui kama aliyeamuru aliifikiria methali, ila angalia mwenyewe, watu wa jua kali wakajengewa kivuli. Mchumia juani.

Sasa tufike kwenye lile swali lako la mwisho, ambalo ndo la maana kuliko lote: mbona wa kwangu haukui.

Tarehe 1 Julai 2020 Benki ya Dunia ilitangaza Tanzania imeingia uchumi wa kati. Mimi siku chache baadaye nilikuwa kijiweni nakunywa kahawa, redio inarudia habari hiyo, mzee mmoja fundi baiskeli akaweka kikombe chini akauliza, "Huo uchumi wa kati, uko kati ya wapi na wapi?" Watu wakacheka lakini hakuna aliyemjibu, na jibu lilikuwepo. Wanachukua pato lote la nchi, wanaligawa kwa idadi ya watu wote, wewe, mimi, mtoto wa jana, na mwenye viwanda kumi. Kizingiti cha mwaka ule kilikuwa dola 1,036 kwa mtu kwa mwaka, sisi tukapata 1,080. Tumevuka kwa dola 44. Ni ngazi ya chini ya huo ukati. Fundi baiskeli hakuongezewa spana hata moja usiku ule, na hakuna aliyedanganya, kilichobadilika ni mwenye rula kasema umepita mstari.

Kenya iliwatokea kitu cha ajabu zaidi, Septemba 2014 walibadilisha namna ya kuhesabu, wakachukua mwaka wa msingi mpya wa 2009, wakaingiza shughuli ambazo hesabu ya zamani ilikuwa haizioni vizuri, uchumi ukaamka mkubwa kwa robo nzima kuliko ulivyolala. Hakuna kilo ya chai iliyoongezeka. Vitu vilikuwepo siku zote ila vilikuwa havijahesabiwa. Mchumaji keshachuma zamani, karani ndo amefika leo.

Kwa hiyo ukisikia "uchumi umekua kwa asilimia tano", maana yake jumla ya thamani ya vilivyozalishwa nchini mwaka huu ni kubwa kuliko ya mwaka jana kwa kiasi hicho. Haisemi vimechumwa na nani wala vimeliwa na nani. Mgodi ukitoa dhahabu nyingi uchumi umekua, hata kama mtaani kwenu genge limefungwa. Tatizo ni kwamba kwa Kiswahili neno uchumi halijawahi kutoka mfukoni mwetu. Mtu anaalikwa harusi anajibu "mwezi huu uchumi hauruhusu". Kijana anamwambia mwenzake "uchumi wangu bado haujakaa vizuri, tuache kwanza habari ya mahari". Hapo uchumi ni hela yangu, hali yangu. Mwingereza hasemi my economy is bad akimaanisha mfuko wake, kwake hilo neno limehamia kwenye nchi na linabaki huko. Sisi tunalo kote kuwili, kwa hiyo waziri akisema uchumi umekua, yeye anaongelea jumla ya nchi, sisi tunasikia mifuko yetu, tunaipapasa, tunakuta tiketi ya daladala na vichenji, tunasema anatudanganya. Wakati mwingine anatudanganya kweli, siwezi kumtetea, lakini mara nyingi ni neno moja tu linabeba mizigo miwili. Angesema pato la taifa limeongezeka, nusu ya ugomvi ungeisha.

Mengine nitayapita haraka. Uchumi wa buluu ni mambo ya bahari, uvuvi, mwani, bandari, utalii wa pwani, Zanzibar wana wizara yake kabisa, Wakenya wengine wanasema uchumi samawati, ni ile ile. Uchumi wa kidijitali ni biashara na kazi za mtandaoni, usijiumize kichwa. Wingi wake, naona siku hizi watu wanaandika "chumi kubwa za dunia", mi sikioni kinanikwaruza, andika nchi zenye uchumi mkubwa utalala vizuri. Na daraja la ndege: ile nauli ya economy ilianzishwa na mashirika yanayovuka Atlantiki mwaka 1958 ili watu wa kawaida waweze kupanda, kwa hiyo ni kiti cha bei nafuu, na wanaosema daraja la kawaida wamepatia. Treni yetu ya umeme ya Dar kwenda Dodoma nako wanasema daraja la kawaida. Kwenye ile ya Nairobi kwenda Mombasa watu wanasema tu ikonomi, nauli imepanda mpaka shilingi 1,500 toka Januari 2024 na bado wanasema ikonomi, haina shida, ni neno limeshaota mizizi. Ila usiandike "daraja la uchumi". Kwenye matangazo ya ajira za serikali kuna cheo kinaitwa Mchumi Daraja la II, mtu atadhani kuna behewa lao.

Turudi kwenye karatasi ya bosi wako.

Fuel economy. Ukiandika "uchumi wa mafuta" mtu atafikiria Saudi Arabia au Oman, nchi inayoishi kwa kuuza mafuta. Wewe unauza kigari cha cc 1,300. Waswahili tuna kauli yetu na ni nzuri kuliko ya Kiingereza: gari inakula mafuta, au inakunywa. Kwa hiyo andika "inakula mafuta kidogo", au "haili mafuta", na kama una namba weka, kilomita ngapi kwa lita moja, mteja wa Kinondoni anataka hiyo tu. Economy mode ni kile kitufe na ile taa ya kijani ya eco kwenye dashibodi, hapo usitafsiri sana, sema "ina mfumo wa kubana mafuta, ukibonyeza taa ya eco inawaka". Kubana ndo neno lenyewe, tunabana matumizi, tunabana mafuta, hata mafundi wanasema hivyo.

Hiyo ya mwisho ya uchumi unakua kwa hiyo nunua sasa, hapo uchumi ndo mahali pake, tafsiri yako ilikuwa sahihi, moja kati ya tatu. Lakini mimi ningekuwa wewe ningemshauri bosi aifute. Mtu anayesoma tangazo lako asubuhi ametoka kulipa ada ya shule, ukimwambia uchumi unakua atakwambia wa nani, na hilo swali ndo hilo hilo uliloniuliza wewe. Weka bei. Weka kama mnapokea kwa awamu. Na yule mzee wa Unguja akirudi mwambie nimemsalimia sana, na kama anataka gari ya iktisadi muonyeshe hiyo ya cc 1,300.